Kwa nini Waitaliano wa Iringa hawaogopi kukosea

Ukizifuata takwimu, Mwitaliano si mtu wa kumwendea kuomba siri ya kujifunza lugha za watu. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya uliwauliza raia wa nchi wanachama kama wanaweza kuzungumza angalau lugha moja isiyo ya kwao. Wastani ulikuwa asilimia 54. Italia iliambulia 38, ikaburuza mkia pamoja na Hungaria, Uingereza na Ureno. Kiingereza cha wanasiasa wao huchekwa mitandaoni, na wa kwanza kusambaza video hizo ni Waitaliano wenyewe.

Sasa njoo Tosamaganga, kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini. Au nenda Usokami kule Mufindi, au panda hadi Ikonda, Makete, kwenye baridi ya Wakinga. Huku Nyanda za Juu Kusini Waitaliano wamehubiri, wametibu, wamejenga, wamegombana na mafundi na kutaniana na wazee wa kijiji kwa zaidi ya miaka mia moja, na karibu yote hayo wameyafanya kwa Kiswahili, wengine kwa Kihehe na Kibena. Kiswahili chenyewe si cha kupeleka kwenye chumba cha mtihani. Ngeli zinapishana na herufi h inamezwa, mgonjwa akaulizwa kama anaumwa “apa” au “pale”. Lakini mgonjwa anajibu, dawa inatolewa, na kesho yake salamu inaendelea pale ilipoachwa jana.

Watu wanaofeli kwenye takwimu za Ulaya wamefaulu vipi Iringa? Jibu linaanzia kwenye historia ya huku, ingawa mizizi yake iko Italia.

Misheni ya Tosamaganga haikuanzishwa na Waitaliano. Waliifungua Wabenediktini wa Kijerumani katika miaka ya 1890, Mkwawa akiwa bado hajakubali kushindwa. Hao walikuwa watu wa kalamu. Cassian Spiss, aliyekuja kuwa askofu na kuuawa mwaka 1905 katika Vita vya Maji Maji, alichapisha mkusanyo wa maneno ya Kihehe mwaka 1900. Vita vya Kwanza vya Dunia vikawaondoa Wajerumani, na mwaka 1919 wakaingia Wamisionari wa Consolata, shirika lililoanzishwa Torino mwaka 1901 na padre Giuseppe Allamano, ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu Oktoba 2024. Waliotangulia Iringa walitokea Kenya, ambako wenzao walikuwa wakiishi na Wakikuyu tangu 1902, hivyo masikio yao yalikwishazoea mlio wa lugha za Kibantu. Mwaka 1922 Iringa ikapewa uongozi wake wa kimisioni chini ya Francesco Cagliero. Mwaka 1953 ikawa jimbo kamili, na Attilio Beltramino akawa askofu wake wa kwanza.

Allamano hakuwahi kukanyaga Afrika, lakini aliwakazania vijana wake suala la lugha. Na vijana hao wengi walikuwa wa aina gani? Watoto wa vijijini, wa Piemonte na mikoa mingine ya kaskazini, waliozaliwa kwenye nyumba ambazo Kiitaliano cha vitabuni hakikuzungumzwa. Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo waandishi wengi wa habari za Waitaliano wanapopita mbio wakikimbilia mikono na tambi.

Italia ilipoungana kuwa dola moja mwaka 1861, Kiitaliano kilikuwa lugha ya vitabu na ya wachache. Mtaalamu Tullio De Mauro, katika kitabu chake cha mwaka 1963 juu ya historia ya lugha nchini humo, alikadiria kwamba waliokimudu hawakufika hata watu 3 katika kila 100. Wataalamu wengine wamepandisha kiwango hadi karibu 10. Vyovyote itakavyokuwa, waliobaki walizungumza Kipiemonte, Kiveneto, Kinapoli, Kisisilia, na mtu wa Torino aliyekutana na mtu wa Palermo ilibidi apapase njia. Hata katikati ya karne iliyopita hali haikuwa imetengemaa: kati ya 1960 na 1968 televisheni ya taifa ya Italia ilimweka mwalimu Alberto Manzi mbele ya ubao, jioni kwa jioni, awafundishe watu wazima kusoma na kuandika. Waliopitia kisomo cha watu wazima Tanzania miaka ya 1970, na ubao chini ya mwembe, wataitambua picha hiyo bila kuelezwa.

Maana yake ni kwamba padre kijana aliyeshuka Iringa miaka ya 1920 au 1950 alikuwa na uzoefu uleule wa mtoto wa Kalenga au Ifunda. Lugha ya mama nyumbani, lugha nyingine shuleni, ya tatu kanisani. Alikwisha kuchekwa na mwalimu kwa kuchanganya Kipiemonte na Kiitaliano. Alikwisha kuona wajomba zake wakirudi kutoka vibarua vya Ufaransa wakiwa na Kifaransa cha kuokoteza na bado wamelipwa mshahara wao. Kwa mtu wa namna hiyo, kusema lugha vibaya ni hatua ya kawaida ya kuisema. Mwingereza aliyelelewa na lugha moja tu, ambayo dunia nzima ilimfuata nayo, alikuja na mkalimani na kitabu cha amri za jikoni. Namwonea huruma kidogo, maana hakuwahi kulazimika kuwa mjinga mbele za watu akiwa mtoto.

Matunda yake yapo kwenye maandishi. Padre Vittorio Merlo Pick wa Consolata aliwatungia Waitaliano sarufi na kamusi ya Kiswahili, vitabu vilivyosomwa na vizazi vya wamisionari na watu wa kujitolea kabla hawajapanda ndege. Padre Egidio Crema akaandika juu ya Wahehe kitabu kilichotoka mwaka 1987. Lakini vitabu ni sehemu ndogo ya habari hii, kwani padre mwenye kamusi ni mmoja, na mafundi, masista na madaktari walioishi kwa kusikiliza tu ni wengi.

Lugha zenyewe nazo zimewabeba. Msikilize Mwitaliano aliyekaa Iringa miezi mitatu na umlinganishe na Mjerumani au Mmarekani wa muda huohuo. Maneno ya Kiitaliano, karibu yote, huishia kwa irabu kama yetu, na mkazo mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, mahali palepale ambapo Kiswahili huuweka karibu siku zote. Irabu zao ni safi, hazivutwi wala hazipindwi. Sauti za ch, j na ny wanazo. Kitenzi chao hubeba mtendaji ndani yake, kwa hiyo “nasema” na “tunakwenda” haviwasumbui, na sifa kwao hubadilika kufuata jina, ingawa kwa jinsia mbili badala ya ngeli zetu lukuki. Kinachowashinda ni h, dh na gh, pamoja na Mbeya kutamkwa bila kijirabu mbele yake. Njia hiyo hupitika pande zote mbili, na huenda humsaidia pia kijana wa pwani anayejifunza Kiitaliano.

Lakini mlio mzuri haumfanyi mtu azungumze. Wapo wanaotamka vizuri na kukaa kimya.

Kinachomfungua mdomo Mwitaliano, kwa maoni yangu, ni kwamba kwake mazungumzo ni shughuli inayojitegemea. Wanaume wazee wa mji mdogo wa Italia hukaa uwanjani jioni wakizungumza bila ajenda, na kahawa ya kusimama kaunta huwa na maneno mengi kuliko kahawa. Mtu wa tabia hiyo akishushwa Mafinga asikie watu wanasalimiana nusu saa kabla ya kufikia jambo, hashangai wala haangalii saa. Anaona kafika nyumbani. Wahehe na Wabena wana “kamwene”, na baada yake habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za mvua. Ukishuka Rungwe, Mnyakyusa atakuuliza umelalaje, na ukimjibu kwa “ndaga” iliyopinda atakusahihisha kwa kelele za furaha, ajue umejaribu. Salamu ya huku ina mambo mawili ambayo mwanafunzi wa lugha anayahitaji mno: inajirudia kila siku kwa maneno yaleyale, na hakuna anayeruhusiwa kukukatalia. Mgeni anayeipenda salamu anapata darasa la bure mara 20 kwa siku. Anayeiona ni upotezaji wa muda analikosa. Hapa utamaduni wa Kiitaliano na wa Nyanda za Juu umekutana kwa bahati nzuri, na si haki kumpa Mwitaliano sifa zote.

Halafu kuna utani. Mgeni anayekosea ngeli huku atachekwa, hilo halina mjadala, na watoto watamwigiza hadi jioni. Mwitaliano akichekwa huongeza kosa la pili kwa makusudi. Naye Mnyakyusa na Mwitaliano wakikutana mgahawani Uyole, wa kuhurumiwa ni aliyekaa meza ya jirani.

Mikono siwezi kuiruka, ingawa imeandikwa mpaka imechoka. Padri mmoja wa Napoli, Andrea de Jorio, alichapisha mwaka 1832 kitabu kizima juu ya ishara za mikono za watu wa mji wake, akizilinganisha na za watu wa kale. Adam Kendon alikitafsiri na kukirudisha kwa wasomaji mwaka 2000. Watu wachache wanajua kwamba Waswahili nao wamefanyiwa kazi hiyo: mwaka 1985 Carol Eastman na Yahya Ali Omar, msomi wa Mombasa, walichapisha uchunguzi juu ya ishara na viingizi vya watu wa pwani, namna mkono, uso na mlio wa ulimi vinavyosema kabla ya neno. Mwitaliano anapokosa neno, mkono wake unalichora. Fundi wa Ipogolo aliyeelekezwa ukuta kwa mikono miwili na neno “dritto” hahitaji kamusi.

Ukitaka kuona hilo likifanya kazi bila Mwitaliano hata mmoja, ingia Neema Crafts, pale Iringa mjini, mradi ulioanza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Kwenye mgahawa wake wahudumu ni viziwi. Mteja huagiza kwa ishara au kwa kuandika. Watalii wa mataifa yanayoongea mikono ikiwa mifukoni huhangaika mwanzoni. Wanaoongea kwa mwili mzima huletewa chakula chao bila tabu. Watanzania wanaoingia pale hugundua kwamba nao wanajua kuzungumza bila sauti, ujuzi ambao shule haikuwahi kuwaulizia.

Lakini ishara zina mipaka, na huku mipaka hiyo ni mikali. Vidole vitano vilivyokutanishwa na kutikiswa, ambavyo kwa Mwitaliano ni swali la “unataka nini wewe?”, kwa Mwarabu wa Omani ni ombi la subira. Kumbusu mashavuni mke wa mwenyeji wako Iringa kijijini ni njia ya haraka ya kuharibu ugeni. Huku mtu hupokea kitu kwa mikono miwili, au kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiushika kiwiko, na mwanamke wa kijijini hupiga goti kumsalimu mkubwa. Kwa Wanyakyusa, mwanaanthropolojia Monica Wilson alieleza kwa kirefu namna mke wa mtoto alivyotakiwa kumkwepa baba mkwe, asikutane naye njiani, asimwite jina. Mgeni mchangamfu anayetaka familia yote ikae meza moja na kuongea kwa sauti anaweza kuwatesa watu kwa ukarimu wake. Wale waliodumu walijifunza kupunguza sauti. Wengine walirudishwa nyumbani na upweke kabla ya malaria kuwafikia.

Uhusiano wa Waitaliano na Iringa haukukoma kwenye shirika moja. Mwaka 1974 Jimbo Kuu la Bologna lilifanya udugu na Jimbo la Iringa na kutuma mapadre wake Usokami, baadaye na Mapanda. CUAMM, shirika la madaktari lililoanzishwa Padova mwaka 1950, limekuwa Tanzania tangu 1968, na kwa miaka mingi limeisaidia hospitali ya Tosamaganga. Daktari wa CUAMM huja kwa mkataba, si kwa maisha yote. Hana muda wa kumaliza sarufi. Anaanza wodini na maneno machache: habari, maumivu, tangu lini, pole, na muuguzi wa Kihehe ndiye mwalimu wake halisi, akimrekebisha mbele ya mgonjwa. Kule Njombe, ambayo hadi 2012 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa, shirika la CEFA la Bologna lilisaidia kuanzisha kiwanda cha maziwa, na leo kuna Wabena wanaotengeneza mozzarella na caciotta na kuyataja majina hayo kwa ufasaha ambao mhudumu wa London angeutamani. Jibini halifundishwi kwa nadharia. Mtu anakuonyesha, unakosea, anakuonyesha tena.

Mbeya iliwapata Waitaliano kwa namna nyingine na kwa muda mfupi zaidi. Rhodesia ya Kusini ilipojitangazia uhuru wake mwaka 1965 na Zambia kukosa njia ya mafuta, kampuni ya Snamprogetti ya Italia ndiyo iliyolaza bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likipita Iringa na Mbeya. Lilianza kazi mwaka 1968, miaka miwili kabla Wachina hawajaanza kutandaza reli ya TAZARA.

Haya yote yangeweza kumfanya msomaji aamini kwamba Mwitaliano amezaliwa na kipaji. Nenda Malindi. Italia ilijenga hapo jirani, Ngomeni, kituo chake cha kurushia satelaiti, na kurusha ya kwanza kutoka jukwaa la baharini mwaka 1967. Nyuma ya wahandisi wakaja watalii, nyuma ya watalii wakaja wastaafu na wenye mahoteli. Leo Malindi, kama Kiwengwa kule Unguja, ina vijana wa ufukweni wanaobishana bei kwa Kiitaliano safi, na ina Waitaliano wenye miaka mingi pwani ambao Kiswahili chao kimeishia kwenye salamu za fulana. Tabia ya kupenda mazungumzo wanayo, ila wamepata wa kuwazungumzisha kwa lugha yao. Waliolazimika kubadilika ni vijana wa Kigiriama na Kiswahili, na wamebadilika bila shule, bila cheti, bila mtu kuwaambia kwamba Kiitaliano ni kigumu. Iringa hakukuwa na mhudumu wa kumsubiri padre kwa Kiitaliano. Alikosea au alinyamaza, na kunyamaza hakukuwa kazi aliyotumwa. Utamaduni humpa mtu ujasiri wa kuanza, na shida ndiyo humfikisha.

Kwa hiyo tuache kumtazama mgeni, tutazame Mwanjelwa, jijini Mbeya. Sokoni pale, na zaidi Tunduma, ambako kuvuka barabara ni kuingia Nakonde, Zambia, wafanyabiashara wasio na kidato hata kimoja huuza mchele wa Kyela na kununua nguo kwa Kiswahili, Kinyamwanga, Kibemba na Kinyanja, wakichanganya bila kuomba radhi. Kule Kasumulu mpaka wa Malawi unawakuta Wanyakyusa na Wangonde wakielewana kwa lugha za babu mmoja. Mbeya ni mkoa wa Wasafwa, Wamalila, Wanyakyusa, Wasangu. Mtu aliyekulia Mbalizi na kusikia lugha mbili tu ni nadra. Tabia tunayoisifu kwa Mwitaliano, mama wa Mwanjelwa anayo, na anaitumia kulipa ada.

Ada hiyo inakwenda wapi? Inakwenda kwenye shule ambako mtoto wake, akifika kidato cha kwanza, anakuta karibu masomo yote kwa Kiingereza na kibao getini kinachomkataza lugha anayoijua. Akinyanyua mkono na kukosea kitenzi, darasa linaangua kicheko, na mara nyingi mwalimu hukiacha kicheko kiendelee. Kufikia kidato cha nne amejifunza jambo moja kwa uhakika, kwamba mwenye usalama ni aliyenyamaza. Kijana huyohuyo, Jumamosi, akiwa kwenye banda la mama yake, anabishana na Mzambia kwa Kibemba cha kuokoteza na kumshinda. Sijui mfano wa wazi kuliko huo wa namna shule inavyoweza kumnyang'anya mtu kipaji alichokuja nacho. Serikali inaweza kuendelea kujadili lugha ya kufundishia, na mjadala huo ni wa haki, lakini kicheko cha darasani hakihitaji sera mpya kukizima. Kinahitaji mwalimu atakayesimama na kusema Kiingereza chake mwenyewe mbele ya watoto, pamoja na makosa yake.

Walimu hao wanaandaliwa hapa hapa. Iringa ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha. Ina pia, kwa muda usio mrefu, mapadre na masista wazee wa Kiitaliano waliofika miaka ya 1960, walioingia Uhehe bila neno na sasa wana Kihehe ambacho vijana wengi wa mjini hawana. Nawaomba wakuu wa vyuo hivyo wawapeleke wanachuo wao wa lugha wakae na wazee hao na kinasa sauti, wawaulize neno la kwanza lilikuwa lipi, nani aliwacheka na nani aliwasahihisha, wakianza mwaka huu kabla wazee hawajarudishwa Torino.